Picha Iliyohamisha Mbuzi wa Weris

Haya tulielezwa na Mohamednoor Diriye, mpiga picha wa Garissa, Jumanne ya wiki iliyopita baada ya alasiri, nyumbani kwake Bulla Iftin. Dada yake mkubwa, Weris, alikuwa ameketi kando akimimina chai, na kila ndugu yake aliporuka jambo, yeye alilirudisha.

Saa sita mchana Garissa imelala. Maduka yameshusha milango nusu, mbuzi wa mjini wamejibanza kwenye vivuli vyembamba vya kuta, na punda wa maji wamefunguliwa mikokoteni. Huu ndio wakati Mohamednoor anakwenda kazini.

Amesimama ukingoni mwa Mto Tana, jua limemkalia utosini, kamera iko juu ya miguu yake mitatu. Mbele yake mikoma kadhaa imeinamia maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Anatoa mfukoni kioo cha duara, cheusi tititi, anakizungusha polepole mpaka kinakaa mbele ya lenzi.

"Sasa umeifumba macho," anasema Liban, mwendesha bodaboda aliyemleta. "Nimekubeba kwa jua hili uje uifunike kamera?"

"Ngoja uone."

"Mimi nimeona mambo. Nimebeba mzee na kondoo watatu kwa mara moja. Lakini mtu wa kupiga picha gizani saa sita mchana, wallahi wewe ndiye wa kwanza."

Mohamednoor anabonyeza, anasubiri, kisha anamwita aje aangalie. Kwenye kioo kidogo cha nyuma mikoma imegeuka myeupe pe, kila ukuti kama umefumwa kwa pamba. Mto umekuwa mweusi kama lami. Mti mmoja uliokauka katikati yao umebaki wa kijivu, umesimama peke yake.

Liban anasogeza uso karibu. "Subhanallah. Umeiua."

"La," anasema Mohamednoor. "Hiyo myeupe ndiyo iliyo hai."

Anaeleza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuulizwa mara nyingi. Jua lina mwanga mwingine ambao jicho la binadamu halikujaliwa kuuona. Jani bichi huurudisha mwanga huo wote, ndiyo maana linawaka. Maji huumeza, ndiyo maana yanakuwa meusi. Kamera ya kawaida ina kigae kidogo ndani kinachouzuia mwanga huo. Ya kwake kigae hicho kilitolewa na fundi mmoja Nairobi, na kile kioo cheusi cha mbele kinazuia mwanga tuliouzoea. Jua likiwa kali, kazi inakuwa nzuri zaidi.

"Saa ambayo kila mtu anaikimbia, ndiyo saa yangu," anasema.

Mohamednoor ana miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa nyikani upande wa Eldas, kwenye nyumba ya ngamia na mbuzi, na alipofika umri wa kusoma mjomba wake akamleta Garissa. Hakumaliza sekondari. Alijifunza picha kwa mtu aliyekuwa na chumba cha giza karibu na soko, na chumba hicho ndicho alichorithi.

Siku hizi ni kibanda chenye pazia la bluu na kiti kimoja. Picha ndogo za pasipoti ni vipande vinne kwa shilingi mia mbili. Kwenye harusi yeye hukaa upande wa wanaume, na mke wake Nasteho hupiga upande wa wanawake. Siku njema hurudi na shilingi elfu moja. Nyingi si njema.

"Kila mtu ana kamera kwenye simu," anasema Nasteho kutoka jikoni. "Wanatuita kwenye harusi ili tule tu."

Kamera ya miti aliipata kwa watu wa utafiti waliokuja miaka kadhaa iliyopita kuangalia jinsi mathenge ulivyokuwa ukisambaa kwenye malaga, yale mabonde ambayo hujaa maji siku za mvua na kubaki mchanga mwaka mzima. Wenyeji wote wanaujua mti huo wa miba: haufi kwa kiangazi, na maganda yake huoza meno ya mbuzi. Watu wale walimwajiri awapigie picha, wakamfundisha, kisha fedha za mradi zikaisha. Wakamwachia kamera.

"Walisema watarudi," anasema. "Mimi sikungoja. Nilikuwa nimeshashikwa."

Alishikwa siku alipouona mgunga mmoja nje ya mji, mti ambao alipita chini yake tangu utotoni, umewaka kwenye kioo cha kamera. "Hapa kwetu kila kitu ni kahawia, mavumbi juu ya mavumbi. Nikauona ule mti vile ulivyo kwa ndani. Nilikaa chini, wallahi. Nilikaa mchangani kama mtoto."

Biashara haikumfuata. Mwenye hoteli mmoja alinunua picha mbili kubwa, na wageni wakauliza kama Garissa huanguka theluji. Nyingine zimeegemea ukuta kibandani. Sokoni zilizuka hadithi, na Mama Barwaqo, anayeuza maziwa ya ngamia, kila akimwona na ile kamera humpigia kelele.

"Wewe! Geuza hiyo kitu huko! Wanasema inapenya buibui."

"Mama, hii ni ya miti."

"Basi nenda uoe mti!"

Hucheka na wenzake, naye hucheka, na asubuhi hiyo huwa imepata chumvi kidogo. Haya ameyasimulia kwa uso mkunjufu. Tukafika kwenye habari za shemeji yake, na kikombe kikabaki mkononi mwake mpaka chai ikapoa.

Abdiwali, mume wa Weris, ni mfugaji aliyekuwa akihamahama kati ya Eldas na Habaswein. Ni mtu wa maneno machache, mrefu, ndevu amezitia hina. Idi ya mwaka juzi Mohamednoor aliwatembelea, na akawapelekea picha. Abdiwali alizishika kwa ncha za vidole, akazigeuza kuelekea mlango wa hema ili zipate mwanga.

"Hii nyeupe ni nini, seeddi?" aliuliza. Ndivyo mtu anavyomwita shemeji yake huko.

"Kinachong'aa kiko hai. Ukiona kijivu, kimekufa."

"Na hii nyeusi?"

"Maji."

Abdiwali alizitazama tena, moja moja. Kisha akatabasamu, jambo ambalo Weris anasema hulifanya kwa nadra. "Kwa hiyo hii kamera yako ni sahan."

Wakacheka wote.

Sahan ni mtu anayetumwa mbele kabla familia haijahama. Kabla hema halijang'olewa, mtu mmoja anayeaminika huenda peke yake kuangalia malisho. Akirudi huketishwa, na huulizwa kwa utaratibu: majani yapo? maji yapo? uliyaona kwa macho yako mwenyewe? Akijibu, watu hupakia mali yao juu ya neno lake. Watoto, wazee, mbuzi wenye mimba, wote hutembea juu ya neno hilo. Kwa sababu hiyo sahan hachaguliwi ovyo, na mtu akiwahi kutumwa mara tatu na kurudi na ukweli, jina lake hukaa.

Mohamednoor hakuwahi kutumwa. Alikuwa mtu wa mjini.

Mvua ya vuli iliyopita haikuja. Kufikia Februari, mbuzi wa Weris, ambao walikuwa zaidi ya themanini, walikuwa wakila mikeka ya hema. Wakati huohuo Mohamednoor alikuwa amepata lifti kwenye lori la rafiki yake Deeq, anayebeba unga na sukari kutoka Garissa, anapita Habaswein hadi Bute. Njiani, pembeni mwa barabara, kuna bwawa la kuchimbwa wenyeji wanaloliita Haro-Dheer.

Ilikuwa saa sita. Miti iliyolizunguka bwawa ilikuwa imefunga kama ukuta. Alimwomba Deeq asimame.

"Dakika mbili tu!" Deeq alimwambia. "Tairi zangu zinaungua hapa."

Mohamednoor alisimama juu ya tuta la barabara, akavuta kwa lenzi ndefu, akapiga. Deeq akapiga honi. Akapiga tena picha moja, akapanda gari. Hakushuka hadi bwawani.

"Ungeshuka ungechukua muda gani?" Weris anauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei.

"Si mrefu, abaayo," anasema, akimwita dada kwa lugha ya kwao.

"Sema basi, waandike."

"Si mrefu."

Picha ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Anayo bado kwenye simu. Miti imewaka kama imenyeshewa maziwa, mawingu yamejipanga, na katikati bwawa ni jeusi, tulivu, limetulia kama jicho. Walipofika Habaswein na mtandao ukashika, aliituma kwenye kundi la familia na maneno machache: Haro-Dheer, leo mchana, mashallah.

Simu ya Weris huchajiwa kwa kipande cha sola kinachofungwa mgongoni mwa ngamia. Siku ya pili picha ikafunguka. Abdiwali akaichukua ile simu, akaenda nayo nyuma ya hema, akakaa nayo peke yake.

Ijumaa alipiga. Mohamednoor alikuwa kwenye harusi Garissa, ngoma zinalia, bwana harusi amebebwa juu juu, na yeye amebana simu kwa bega huku akitafuta nafasi ya kupiga picha.

"Seeddi, nyeupe hii, inaishi?"

"Inaishi!"

"Na nyeusi hii ni maji?"

"Maji, ndiyo!"

"Umeiona kwa macho yako?"

"Nimeiona, seeddi. Niko harusini, nitakupigia!"

Hakupiga. Alidhani shemeji yake ameipenda picha.

"Kama angeniambia anataka kuhama," anasema sasa, "ningesimamisha ile harusi. Ningepanda pikipiki nirudi mpaka pale. Hakuniambia."

"Alikuuliza kwa utaratibu," anasema Weris. "Majani, maji, macho yako. Mtu mzima aliyezaliwa hemani. Wewe ndiye hukusikia."

Mohamednoor anageuza uso. Anatazama mlango.

Abdiwali hakutuma mtu mwingine. Kumtuma mtu kungekula siku ambazo mbuzi hawakuwa nazo, naye alikuwa na neno la ndugu wa mkewe. Wakang'oa hema. Wakatembea usiku na mchana, wakipumzika jua likiwa kali, na wale wadogo wakabebwa kwenye kapu za ngamia.

Sehemu hii Mohamednoor hakuisimulia. Aliisimulia Weris, akiendelea kuosha vikombe.

"Mbuzi walinusa kabla yetu. Mbuzi mwenye kiu hanusi maji tu, hunusa hata udongo uliolowa. Walikuwa wanaburuta miguu, mara wakaanza kukimbia. Nikasema alhamdulillahi. Nilisema kwa sauti. Abdiwali naye akasema."

Miti ile ilikuwa mathenge. Mathenge mtupu, miba juu ya miba, mbichi wakati wote, na chini yake hapakuwa na hata unyasi mmoja. Bwawa lilikuwa tope. Juu yake kulikuwa na utando wa maji usiofunika kwato, na chini ya utando huo matope mazito kama uji. Kwenye kamera ile utando wa maji ni mweusi, na kina cha maji ni cheusi vilevile, na matope yaliyolowa nayo hayana tofauti kubwa, ukiyatazama kutoka barabarani.

Mbuzi wakaingia moja kwa moja. Wa mbele walizama hadi tumboni, wa nyuma wakapanda juu yao.

"Nilitandika mkeka wa hema juu ya tope, nikalala juu yake kwa tumbo, nikawavuta kwa masikio," anasema Weris. "Niliowafikia niliwatoa. Wengine niliwafikia nikakosa nguvu. Wanakutazama tu. Mbuzi halii akichoka hivyo."

Wale waliokuwa wanakufa, Abdiwali aliwafuata na kisu ili wasife kibudu. Aliwachinja mmoja mmoja akisema Bismillahi mpaka sauti ikamkauka, na akaendelea kwa kusogeza midomo. Nyama ile yote hapakuwa na wa kuila. Siku zilizofuata, waliotoka kwenye tope walikula maganda ya mathenge kwa njaa, na wakaanza kuanguka nao.

Waliobaki ni kumi na mmoja, na ngamia jike mmoja. Deeq akirudi kutoka Bute aliwakuta kando ya barabara, akawapakia juu ya magunia matupu, akawaleta Garissa. Hema lao sasa limesimamishwa ndani ya ua wa Mohamednoor, kati ya tangi la maji na ukuta wa choo.

Mtu asiyewajua angetarajia kelele. Hazikuwapo. Mohamednoor aliwaita wazee wawili wa familia, akasema mbele yao kwamba atatafuta mbuzi kwa njia yoyote, hata kama ni kuuza kamera zote. Abdiwali alisikiliza mpaka mwisho.

"Sahan hatozwi," alisema. "Hakusema uongo. Alisema alichoona."

Wazee wakatikisa vichwa, wakanywa chai, wakaondoka. Ndivyo ilivyo sheria yao: mtu aliyekwenda kutazama kwa nia safi akakosea, hadaiwi kitu.

Lakini hatumwi tena. Hilo halikuhitaji kusemwa.

Mohamednoor alilijua kesho yake asubuhi. Watu wa kwao wakikutana, baada ya salamu huulizana, "Warran?" Maana yake, lete habari. Hata ukienda dukani na kurudi huulizwa, nawe husema: nimepita pale, nimemwona fulani, unga umepanda. Mtu asiyeulizwa habari ni mtoto, au mgonjwa wa akili. Abdiwali alimpa mkono, akamwuliza afya, akamwuliza Nasteho ameamkaje. Halafu akageuka kumfungua ngamia.

"Nikafikiri amesahau," anasema Mohamednoor. "Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikamwambia mwenyewe, seeddi, nimetoka mtoni, maji yamepungua. Akaniambia, 'Haya, Mungu akubariki.' Kama unavyomwambia mtoto aliyekuonyesha mchoro."

Tangu hapo habari ikapungua mdomoni mwa kila mtu pale uani. Hata ndugu wa Nasteho, watu wa mjini kabisa, wakitaka kujua kama barabara ya Habaswein imefunguka, hupita mbele ya Mohamednoor wakaenda kumwuliza jirani.

Akabadilisha kazi yake. Sasa hapigi maji ambayo hajaingia. Huvua viatu, hukunja kikoi, huingia na fimbo, wala hautazami mti kwa mbali tena. Huvunja tawi, hulinusa, hulichomeka mfukoni. Picha hutoka na nyayo zake kwenye matope ya mbele, na wanunuzi hawapendi hivyo. Mwenye hoteli alimwambia azifute. Hakuzifuta.

Kwa njia hiyo ndiyo alifika Dololo. Ni kona ya laga, mbali na barabara, mahali ambapo mvua ya mtu na bahati yake ilipiga mara moja mwezi wa Machi na ikapita. Alikwenda kwa pikipiki ya Liban hadi ilipokwama, akamalizia kwa miguu. Aliingia majini, yakamfika magotini, na chini palikuwa na mchanga mgumu, si tope. Kando kulikuwa na migunga michache yenye majani, na nyasi fupi. Hakukuwa na mathenge. Alikaa pale mpaka jua lilipopinda, na hakupiga picha hata moja.

Alirudi siku ileile ambayo Abdiwali alikuwa ameshakata shauri. Mbuzi wale kumi na mmoja walikuwa wakila maboksi nyuma ya soko, wakikohoa. Ama wangepata mahali pa kwenda kabla ya Jumapili, ama angewapeleka kwa mchinjaji, na yeye angekwenda kuomba kazi ya kulinda ghala. Weris aliposikia neno ghala alitoka nje.

Jumamosi, baada ya adhuhuri, walikaa kula wali uani, chini ya turubai. Deeq alikuwapo, amepita kusalimia. Ni mtu mnene, mcheshi, hawezi kula kimya.

"Warya, mpiga picha, umekonda! Hiyo miti yako haikupikii?"

"Inanipikia jua."

"Jua bila nyama. Nasteho, mwongeze huyu, ataanguka afunike kamera."

Wakacheka, na Mohamednoor akaona kwamba hapo ndipo. Akaweka kijiko chini.

"Seeddi," akasema. "Nimefika Dololo. Kuna maji. Nimeingia mwenyewe, yamefika magotini, chini ni mchanga. Kuna migunga ina majani. Mathenge hakuna."

Alitoa tawi mfukoni, akaliweka kwenye jamvi. Majani yake madogo yalikuwa bado ya kijani.

Abdiwali alilitazama lile tawi. Kisha akanawa vidole kwenye bakuli, bila haraka, akavifuta.

"Shukran, seeddi," alisema. "Mungu akulipe kwa kuchoka kwako."

Halafu akamgeukia Deeq. "Warran, Deeq? Wewe unapita huko. Dololo kuna maji?"

Kila mkono ulisimama sahanini. Deeq, ambaye mdomo wake ulikuwa umejaa wali, alimtazama Mohamednoor, akamtazama Abdiwali, akameza.

"Mimi... mimi hukaa kwenye gari tu, mzee. Dololo ni mbali na barabara. Lakini huyu ndugu yako ameshasema..."

"Nakuuliza wewe."

"Nimesikia watu wakisema panaweza kuwa na kitu. Nilivyosikia mimi."

"Umeona?"

"Sijaona."

Abdiwali akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na ukali usoni. Alikuwa kama mtu anayepapasa gizani akitafuta ukuta wa kushika, na kila anapogusa hakuna ukuta. Akasema hajui afanye nini, akaenda kujilaza kwenye kivuli cha ngamia na kitambaa usoni.

Deeq akaomba udhuru, akaenda kulala ndani ya lori lake. Nasteho akakusanya vyombo akaingia ndani na watoto. Jua lilikuwa limeshika mabati, na mji wote umezima.

Mohamednoor alibaki kwenye jamvi na lile tawi. Hakulia, anasema, kwa sababu alikuwa hajui alilie lipi. "Msamaha nilipewa siku ya kwanza. Nilichotaka ni aniulize. Aniulize tu, hata asiniamini."

Weris akatoka hemani. Alikaa mbele yake, akalichukua tawi, akang'ata jani moja, akalitafuna mpaka akajua ladha yake.

"Yalifika wapi?"

Mohamednoor akaonyesha kwa kiganja, kwenye goti.

"Mchanga au tope?"

"Mchanga, abaayo. Nilirukaruka juu yake."

"Nyoka? Chui? Watu?"

"Familia moja tu, ya kina Kaaha. Wana ngamia watano. Wanasema yatamaliza wiki tatu, kama hawatakuja wengi."

"Na kama watakuja wengi?"

"Hayatamaliza mbili."

Weris aliligeuza tawi mkononi. Akapiga hesabu yake mwenyewe kimoyomoyo, ya mbuzi na ya siku na ya mvua isiyojulikana. Alipoinua uso hakumtazama machoni.

"Akiamka nitamwambia tuhamie Dololo," alisema. "Nitamwambia nimeambiwa na mke wa Kaaha, tulikutana sokoni. Nitamwambia ameyaona kwa macho yake."

Mohamednoor alichelewa kuelewa. Alipoelewa, alifungua mdomo.

"Sitamwambia ni wewe," akasema Weris. "Nikimwambia ni wewe, hataondoka. Na asipoondoka, kesho anawapeleka kwa mchinjaji." Akamwekea mkono juu ya kichwa, kama alivyokuwa akimwekea wakati yeye ni mkubwa na ndugu yake anajifunza kutembea. "Umesikia, walaal, ndugu yangu? Umeenda vizuri. Lakini habari hii si yako."

"Sawa," alisema.

Ndivyo walivyokubaliana. Na wakati wa alasiri ndivyo ilivyokuwa: Abdiwali alimsikiliza mkewe, akauliza maswali yake matatu kwa utaratibu, akajibiwa, akaanza kufunga kamba. Weris mwenyewe alirudi mjini Jumatatu kwa lori la Deeq, kununua unga, na ndiyo sababu tulimkuta. Maji bado yapo, anasema. Yameshuka.

Tulimwuliza kama haogopi mumewe atasoma haya. "Mimi ndiye humsomea gazeti," alisema.

Mohamednoor anasema atakwenda tena Dololo Ijumaa, kwa njia ya nyuma, aingie majini kabla hawajaamka, apime kwa fimbo, kisha ampelekee dada yake habari afikishe kwa jina la mtu mwingine. Na Ijumaa ijayo vilevile. Anatumaini kwamba siku moja, akiwa mzee pengine, mtu fulani katika nyumba ile, hata mtoto wa mtoto wa Weris asiyekumbuka, atamtazama na kumwuliza ametoka wapi na ameona nini.

Lakini hayo ni ya mbele. Mchana ule wa Jumamosi, baada ya kukubaliana, Weris aliegemea mlingoti wa turubai. Tangu Haro-Dheer alikuwa halali mchana, kwa sababu akifumba macho huwaona wale wa kwenye tope. Mohamednoor alimwona shingo inalegea, mdomo unafunguka kidogo, tawi likimteleza kwenye vidole. Akalisogeza lisimchome.

Akakaa akimlinda na nzi. Kivuli kikahama, kikamwacha nusu juani, naye hakusogea, asije akamwamsha. Mwishowe kichwa chake mwenyewe kikashuka kifuani, mkono uliokuwa ukipunga ukatulia juu ya jamvi, na pale uani hakukubaki mtu macho.